Mwanamke wa Sekunde Tatu

Alikuwa amekaa kitandani.

Hapo ndipo tulipoachana Jumamosi iliyopita, na wengine wenu mmenilaumu kwamba mlikosa usingizi. Poleni. Kidole bado yuko pale pale, ofisini kwa Dalali, ameshika simu kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika bakuli la maji ya moto. Kwenye simu kuna picha ya chumba alichokipiga asubuhi hiyo, chumba alichokiacha kitupu kwa macho yake mwenyewe. Na kitandani amekaa mwanamke mzee mwenye nywele nyeupe, mikono mapajani, na ukuta unaonekana kupitia kifua chake.

Kwa aliyechelewa kujiunga nasi, maneno mawili tu. Kidole ni mwanamke wa miaka thelathini na moja, mpigapicha wa nyumba zinazouzwa. Alipewa jina hilo kwa sababu picha zake za kwanza zote zilikuwa na kidole chake pembeni. Siku hizi hupiga vizuri kuliko wenye kamera kubwa, tena kwa simu tu, lakini jina limegoma kutoka. Nyumba aliyoipiga ilikuwa ya marehemu Mkunga, yule mama mstaafu aliyezalisha nusu ya mtaa. Anayeiuza ni mkwewe, Mfamasia.

Tusipoteze muda.

"Bosi," alisema Kidole, na sauti yake ikatoka kama ya mtu mwenye mafua. "Kile chumba cha juu. Kulikuwa na mtu?"

"Mtu atoke wapi? Huko juu hakukaliwi tangu msiba."

Kidole akamgeuzia simu.

Dalali ni mtu wa maneno mengi. Siku hiyo alibakiwa na moja tu. Alisukuma kiti nyuma mpaka kikagonga kabati la mafaili.

"Futa!"

"Bosi, lakini huyu ni..."

"Namjua ni nani! Nililibeba jeneza lake kwa bega hili." Akajipiga begani. "Mnunuzi yuko mbali, anasubiri picha mchana huu. Unataka nimuuzie nyumba na mzimu wake juu? Mfute, nikuone!"

Kidole alifungua sehemu ya kuhariri, akachagua kifutio, akampaka yule mwanamke kwa ncha ya kidole. Kichwa. Mabega. Mikono. Simu ikafikiri kidogo, halafu mwanamke hakuwepo tena. Mahali pake simu ilijaza shuka na ukuta, vizuri kabisa, kana kwamba hajawahi kukaa pale hata siku moja.

"Umeona?" alisema Dalali, akijifuta jasho. "Teknolojia."

Lakini Kidole si mjinga. Aliyoifuta ilikuwa nakala.

Tangu saa ile akawa haangalii kitu kinachong'aa kwa amani. Dirisha la duka, kioo cha gari, hata mgongo wa birika. Kila mahali aliona kichwa cheupe kimeinama nyuma ya bega lake. Akigeuka, hakuna mtu. Alipofika kwake alifunika kioo cha ukutani kwa taulo, akajicheka, akaliacha taulo pale pale.

Asubuhi yake alikwenda kwa mjomba wake.

Mjomba alikuwa na studio ya picha miaka arobaini. Ameshafunga, lakini nyuma ya nyumba yake bado kuna kile kigoda cha duara na pazia la buluu, ambapo watu wa mji mzima walikalishwa na kuambiwa wasicheke. Alivaa miwani, akaitazama picha kwa muda mrefu.

"Ulipiga kwa mipangilio gani?"

"Mjomba! Nimekuonyesha mzimu, unaniuliza mipangilio?"

"Mipangilio kwanza. Mzimu hana haraka."

Kidole akashusha pumzi. "Hali ya usiku. Chumba kilikuwa na giza, mapazia yamefungwa, na Mfamasia aliniambia nisiyaguse. Flashi niliizima, si unajua inavyoufanya ukuta kama umepakwa unga. Nikaweka simu kwenye stendi, nikatega kipima muda sekunde kumi, nikatoka nje ya mlango."

"Ukatoka kwa nini?"

"Kuna kabati lenye kioo kikubwa. Ningebaki, ningeonekana humo."

"Nimekufundisha vizuri." Mjomba akasukuma picha juu kwa kidole gumba, yakatokea maelezo yake: saa, tarehe, mwangaza. Akayasoma, kisha akainuka ghafla. "Washa hiyo hali ya usiku. Weka simu hapo mezani. Bonyeza, usiulize."

Akakaa kwenye kigoda. Kidole akabonyeza. Baada ya sekunde moja hivi, Mjomba akanyanyuka na kuondoka zake mpaka simu ilipomaliza.

Walipoitazama picha, Mjomba alikuwa amekaa kwenye kigoda, na pazia la buluu lilikuwa linaonekana kupitia tumbo lake.

"Haya," alisema Mjomba. "Nimekufa, na chai yangu sijamaliza."

Kidole hakucheka.

"Sikiliza, mwanangu. Picha ya kawaida ni kupepesa jicho. Hii yako, simu ilifumbua jicho sekunde tatu nzima. Kitanda kilikaa sekunde tatu, kimetoka kizima. Yeye alikaa sekunde moja na nusu, akaondoka, ametoka nusu. Alikuwa amejificha. Alisikia hatua zako zikitoka, akadhani umekwenda, akaja kukaa. Kisha akaiona simu, akakimbia. Na tazama hapa." Akaikuza picha. "Godoro. Mzimu habonyezi godoro."

"Mjomba, huyu ni Mkunga. Mkunga amezikwa."

"Mambo ya makaburi siyajui. Mimi najua picha. Mtu huyu jana saa nne na dakika kumi na saba asubuhi alikuwa anapumua."

Mzimu ulikuwa umeondoka, lakini kilichokuja mahali pake kilikuwa kibaya zaidi.

"Twende polisi."

"Tukawape nini? Picha ya bibi anayeonyesha ukuta kifuani? Watatucheka mpaka wapaliwe. Tunataka video, safi, yenye uso na yenye sauti."

Bahati haiji kwa miguu, huitwa. Kidole akampigia Dalali palepale: picha hazitoshi, nyumba kama ile inauzwa kwa video, na leo atakuja na fundi mwenye uzoefu. Dalali, ambaye usiku kucha alikuwa akimwota Mkunga, alisema liwalo na liwe, mradi yeye haendi.

Mjomba alifuta lenzi za simu kwa kitambaa laini cha miwani, moja moja.

"Watu wananunua simu ya bei mbaya halafu wanapiga picha kupitia mafuta ya mashavu yao," alinung'unika. "Haya. Video, ubora wa juu kabisa, fremu thelathini kwa sekunde. Nafasi ipo?"

"Nimefuta picha mia nne."

"Mistari ya gridi uiwashe, ikusaidie kunyoosha. Uso ukitokea, uguse, ushikilie mpaka fokasi ijifunge, halafu ushushe mwangaza kidogo, la sivyo dirisha litameza sura yake. Usivute picha kwa vidole. Ukitaka kumkaribia mtu, mkaribie kwa miguu yako. Na uweke hali ya ndege."

"Ya nini?"

"Simu ikiita katikati, video inakatika. Na mtu aliyejificha ukimshtua mara mbili, humpati tena."

Saa sita mchana walikuwa mlangoni.

Aliyefungua alikuwa mke wa Mfamasia, binti pekee wa Mkunga. Mtaani wanamwita Mwalimu, ingawa tangu msiba hajakanyaga darasani. Sweta lake lilifungwa vifungo mshazari. Macho yake yalichelewa kuwafikia, kama mtu anayeitwa kutoka mbali.

"Karibuni," alisema. Kisha akainua uso kutazama dari. "Mnamsikia?"

Juu ya vichwa vyao, hatua. Polepole. Nne, tano, kisha kimya.

"Ni mama," alisema Mwalimu, bila woga, kama anayewaambia mvua inanyesha. "Hutembea saa hizi. Juzi alikohoa. Mume wangu anasema ni masikio yangu. Ananipa dawa, lakini dawa haimzuii mama. Inanizuia mimi tu kujali."

Siku zote hizo mwanamke huyu alikuwa anaishi chini ya mzimu wa mama yake!

"Dada, hujawahi kupanda kumtazama?"

"Ngazi ziko nje, nyuma ya nyumba. Mlango una kufuli. Na sakafu imeoza, mume wangu amesema."

"Mke wangu." Sauti laini ilitoka nyuma yake. Mfamasia alikuwa mtu mrefu, mwembamba, kucha safi, mtu ambaye hakuna jirani aliyewahi kumsikia akipaza sauti. "Usiwachoshe wageni. Nenda ukapumzike."

Mwalimu akaondoka kama alivyoambiwa.

Mfamasia akatoa funguo mfukoni. "Dakika tano zinatosha huko juu, au siyo? Tutapanda pamoja."

"Bwana," alidakia Mjomba, "bora wewe ubaki na mimi. Mnunuzi ameomba na picha ya mwenye nyumba. Watu wa mbali siku hizi hawaamini nyumba isiyo na uso. Na wewe, samahani kusema, una uso wa kuaminika."

Kikulacho ki nguoni mwako, na kinachomwangusha mtu ni kusifiwa. Mfamasia alisita. Akashika kola ya shati lake.

"Nivae koti?"

"Nitasikitika usipovaa," alisema Mjomba.

Kidole alipokea funguo, akazunguka nyuma ya nyumba, akapanda ngazi zile mbili mbili.

Chumba kilikuwa kama alivyokiacha. Kitanda. Mapazia mazito. Kabati lenye kioo. Mlango wake ulikuwa na ufa mwembamba wa giza. Kulikuwa na harufu ya chumba kilichopumuliwa mno.

Akaanza kurekodi. Akabana kiwiko ubavuni kama alivyofundishwa. Akapitisha simu taratibu: dirisha, meza, kitanda. Akaielekeza kwenye kabati.

Kwenye kioo cha simu kikatokea kijisanduku cha njano.

Kile kijisanduku hutokea simu inapoona uso wa mtu. Yeye kwa macho yake hakuona kitu. Simu iliona. Kijisanduku kilikuwa kimesimama katikati ya ule ufa, kikimtazama.

Alitaka kukimbia. Miguu ilikataa, na mimi nasema ilifanya vizuri.

"Bibi," alisema. "Najua uko humo. Jana nilikupiga picha. Sikuja kwa ubaya."

Akapiga hatua moja mbele.

"Bibi, shikamoo."

Halafu, kutoka kwenye lile giza, sauti kavu isiyotumika: "Marahaba."

Mlango wa kabati ukasukumwa kutoka ndani.

Alikuwa mdogo kuliko kwenye picha. Peku, nywele nyeupe hazijachanwa, amevaa gauni lililofuliwa mpaka likapoteza rangi. Lakini macho yalikuwa ya mtu aliyezoea kutoa amri kwenye vyumba vya wanawake wanaopiga kelele.

"Zima hicho kitu. Unataka kumfunga mwanangu?"

"Kumfunga nani?"

"Mwanangu. Ndiye aliyepeleka karatasi kwamba nimekufa." Mkunga akakaa kitandani, palepale, godoro likabonyea. "Niliugua kweli. Nililazwa mbali, mwezi mzima. Nilipopona alikuja kunichukua mkwe wangu peke yake. Akaniambia garini: mama, binti yako ameshindwa kusubiri, anataka nyumba. Ameshakuandikisha kifo, mihuri imegongwa. Ukionekana hai, ni jela. Akalia, huyu mkwe wangu. Akaniomba nijifiche mpaka nyumba iuzwe, tuhamie mahali ambapo hakuna anayetujua."

"Ukamwamini?"

"Sikumwamini! Mtoto niliyemzaa mwenyewe? Lakini nilikuwa humu siku ya msiba wangu." Akaelekeza kidole sakafuni. "Nililala pale, sikio chini. Niliwasikia wote. Nilimsikia Dalali akisimulia vichekesho. Nilimsikia jirani niliyemzalisha watoto wanne akiuliza chakula kitaiva saa ngapi. Nikamsubiri mwanangu alie. Nilisubiri tangu asubuhi mpaka watu wakaondoka na viti vikakunjwa."

Akakunja mikono mapajani.

"Hakulia. Ndipo nikajua mkwe wangu anasema kweli. Na mtu ambaye mwanawe hamlilii, mjukuu wangu, huyo amekufa hata kama anatembea."

Kidole alisimama na simu mkononi. Alimkumbuka yule mwanamke wa chini, sweta mshazari, akitazama dari.

"Bibi, mwanao anajua uko humu?"

"Anajua. Ndiye anayenipikia, mkwe wangu hunipandishia sahani."

"Amewahi kuja?"

"Ana haya. Angewezaje kunitazama?"

"Bibi, nipe dakika tano. Naomba. Usirudi kabatini."

Akashuka mbio. Ukumbini, Mjomba alikuwa amemsimamisha Mfamasia kando ya dirisha, amevaa koti jeusi. "Bega la kushoto mbele kidogo, bwana. Hapana, la kushoto lako. Sasa pumua. Umefumba macho, turudie." Kidole akawapita kwa nyuma, akaingia jikoni.

Mwalimu alikuwa amesimama mbele ya sinki, bomba linatiririka, hakuna anachoosha.

"Dada, njoo ukae hapa. Uso uelekee dirishani." Kidole alifunga bomba, akagusa uso wake kwenye simu, akashikilia mpaka fokasi ikajifunga. "Nataka nikuulize kitu kimoja. Ungepata nafasi ya kumwambia mama yako neno, ungesema nini?"

Kidole alizuia hata pumzi yake, maana kipaza sauti cha simu kiko chini, na mkono ukitikisika kila kitu kinasikika.

"Ningemwomba msamaha."

"Kwa lipi?"

"Sikumlilia. Siku ile mume wangu alinipa vidonge asubuhi, akasema vitanisaidia nisimame. Nikalala. Nilipoamka, viti vilikuwa vimekunjwa. Msiba wa mama yangu mzazi, na mimi nimelala." Sasa machozi yalikuwa yanashuka, lakini uso wake haukujua, ulibaki umetulia vilevile. "Ndiyo maana hatulii huko juu. Anasubiri nimlilie. Nami kila nikitaka, dawa inakataa. Mama, nisamehe. Nivumilie kidogo."

Kidole alizima video. Yeye mwenyewe alikuwa haoni vizuri.

Alipogeuka, Mfamasia alikuwa mlangoni.

"Sikujua jikoni nako kuna mahojiano," alisema kwa ile sauti yake ya pamba. Akanyoosha mkono. "Naomba nione."

"Ni... nilikuwa napima mwanga tu."

"Naomba simu."

Kidole akamtazama. Akautazama mlango wa nyuma. Kisha, wasomaji wangu, akafanya kile ambacho hata mimi ningefanya. Akatoka mbio.

Alisikia viatu vya Mfamasia nyuma yake vikipiga sakafu, kisha akasikia kishindo. Mjomba, ambaye alikuwa amezungukia nje, alijibwaga kwenye kipandio cha kwanza cha ngazi mara tu Kidole alipopita, akashika goti kwa mikono miwili.

"Goti langu! Mama yangu wee! Bwana, wewe si ni mfamasia? Nisaidie, nakufa!"

"Nipishe, mzee."

"Nikipisha litavunjika! Usiniguse! Nishike! Siyo hapo!"

Juu, Kidole aliiweka simu mikononi mwa Mkunga, video ikicheza.

Mkunga aliitazama video mpaka mwisho. Akarudisha mwanzo, akaitazama tena. Safari ya pili aliisogeza sikioni, akafumba macho, akasikiliza tu.

"Vidonge," alisema.

"Ndiyo, Bibi."

"Alikuwa amelala. Na mimi nimelala juu yake, sikio sakafuni, namhesabia." Akamrudishia simu. Akasimama. "Miezi miwili nimemtembelea mwanangu kichwani kama shetani."

Alishuka ngazi peku, mkono mmoja ukutani, jua la mchana likimpiga usoni kwa mara ya kwanza tangu alipofichwa. Mjomba alipomwona, goti lilipona ghafla, akasimama na kuvua kofia. Mfamasia alibaki katikati ya njia.

"Mama," alisema polepole. "Ukipita hapa, unamfunga mwanao. Tulizungumza."

"Tulizungumza. Nipishe."

Naye, mtu aliyewatuliza watu wawili kwa sauti laini muda wote huo, hakuwa na sauti nyingine ya kutumia. Akapisha.

Mwalimu alikuwa bado jikoni, kwenye kiti kile kile, uso dirishani. Alisikia hatua, akageuka. Hakupiga yowe. Hilo ndilo lililomtisha Kidole kuliko yote: hakushtuka hata kidogo.

"Leo umekuja mchana, mama," alisema. "Na umeshuka chini."

"Nimekuja, mwanangu."

"Usikae sana. Akikuona ataniongezea dawa."

Mkunga akapiga magoti mbele ya kiti. Akauchukua mkono wa binti yake, akauweka shavuni kwake, akaukandamiza pale.

"Shika. Nimekonda, lakini nina joto. Shika vizuri, mtoto wa shule. Wewe hukusoma? Mzimu una joto?"

Vidole vya Mwalimu vilisogea. Vilipapasa shavu, sikio, kovu dogo chini ya kidevu. Vilirudi shavuni. Kisha kitu kikavunjika ndani yake, na kilio ambacho dawa ilikizuia miezi miwili kikatoka chote kwa pamoja, kilio kikubwa hata majirani walitoka nje. Mkunga alimkumbatia akimpigapiga mgongoni kama anavyopigwa mtoto mchanga ili apumue.

Kidole aliteremsha simu. Kuna vitu havipigwi.

Mjomba alikuwa wa kwanza kukumbuka kazi. "Mwanangu, toa hiyo hali ya ndege. Piga polisi sasa."

"Pigeni," alisema Mfamasia.

Wote wakageuka. Hakuwa amekimbia. Alisimama mlangoni na koti lake jeusi, vifungo vyote mahali pake, akijifuta mikono kwa leso.

"Pigeni, nitawasubiri. Mimi nimedanganya, nakubali. Lakini polisi wakifika, swali lao la kwanza halitanihusu mimi." Akamtazama Mkunga, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Tulizika mtu. Jeneza lilikuwa na mtu ndani, na aliyemwosha na kumvisha kule hospitali hakuwa mimi. Mwambie, mama. Mwambie mwanao aliyelala kaburini kwako ni nani."

Nje mtu alikuwa anagonga geti, akiuliza kulikoni.

Kidole alimsubiri Mkunga akanushe. Alimsubiri amtemee mate mkwe wake, acheke, aseme neno lolote. Lakini yule mama, aliyetoka kwenye kabati na kushuka ngazi bila kuyumba, sasa aliuachia mkono wa binti yake.

"Mama?" alisema Mwalimu. "Ni nani?"

Mkunga alitazama sakafu.

"Ni dada yako."

Mwalimu alifuta machozi kwa mgongo wa mkono. Macho yake, kwa mara ya kwanza siku hiyo, yalikuwa yameamka kabisa.

"Mama," alisema polepole, "mimi nilizaliwa peke yangu. Wewe ndiye uliyeniambia."